Yule muuza dawa wa karibu na soko, Mtwara, atatumaliza!

Binti Shangani:
Nimetoka kuvutishwa mvuke hospitali sasa hivi, mikono bado inatetemeka, lakini silali na hili. Yule muuza dawa mnamjua, msinifanye nimtaje. Jino limenikesha siku mbili. Nikamwambia mara mbili kwa mdomo wangu: nina pumu, asprini nikimeza kifua kinabana. Kanipa daiklofenaki! Nikauliza, hii si ndugu yake asprini? Akacheka mbele ya foleni nzima: "Dada, pumu iko kifuani, kidonge kinakwenda tumboni. Vitakutana wapi?"

Vitakutana wapi! Saa moja haikuisha, pua bomba limepasuka, macho pilipili, kifua kinapiga filimbi mpaka kuku wa jirani wakarudi bandani mchana. Pampu napiga, wapi!

Daktari kanimulika puani, kakuta vinyama. Anasema wenye pumu ya hivi asprini, ibuprofeni, daiklofenaki zote kwao ukoo mmoja, zinaamsha kemikali za kubana mirija ya hewa. Parasetamo ya kawaida ingenitosha. Yeye ananiuliza vitakutana wapi!

Njomba wa Chuno:
Pole. Ila undugu uliujua mwenyewe, ukameza ya nini?

Binti Shangani:
Jino, njomba! JINO!

Mikindani Kwetu:
Mimi nina pumu na asprini namumunya kama pipi. Kifua chako cha kudeka.

Binti Shangani:
Si kila mwenye pumu. Ndiyo maana nilimwambia ya kwangu, akanichekea.

Mama Wawili:
Baba yangu aliwekewa matone ya timololi, presha ya macho. Usiku kifua kikambana. Haya, jicho na kifua navyo vinakutana wapi?

Mla Embe:
Someni na chupa za juisi. E220 mpaka E228 ni salfaiti, zile kemikali za kuzuia juisi isiharibike, mwanangu akinywa anakohoa hadi alfajiri.

Kijana wa Newala:
Juisi kitu gani! Jirani anapuliza salfa kwenye mikorosho, upepo wote kwangu. Nguo kambani njano, uji wa mtoto njano.

Njomba wa Chuno:
Asipopuliza, ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, ukila maua utamlipa wewe?

Kijana wa Newala:
Apulize upepo ukitulia! Watoto wangu wanakohoa zamu kwa zamu.

Binti Shangani:
Jamani, yule wa dukani je?

Mkulima wa Tandahimba:
Huyo jirani salfa kaipata wapi? Sisi huku mgao bado.