Mjadala: Je, ramani ya kanda za ikolojia itumike kugawa viwanja Dar es Salaam?

Mtoa hoja: Ndugu wachangiaji, napendekeza mipango ya ardhi ya jiji hili iache kufuata mipaka ya kata, ifuate kanda za ikolojia, yaani maeneo yanayofanana kwa udongo, maji, mteremko na uoto. Mto Msimbazi hutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo hadi baharini karibu na daraja la Salenda, wala hauulizi umeingia wilaya ya nani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, lakini mita 60 penye mteremko haziwezi kulingana na mita 60 za Jangwani, ambako bonde ni tambarare na maji yakifurika hutanda hadi barabarani. Miaka ya 1930, Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, Tanga, alieleza jinsi udongo unavyojipanga kwa kufuata mteremko: mara nyingi mwekundu juu, kichanga katikati, mfinyanzi mweusi wa mbuga chini, na mpangilio huo hujirudia kilima hadi kilima. (Wakulima, bila shaka, walikuwa wakiujua kwa jembe.)

Mchangiaji: Kuhusu mto tunakubaliana, kuhusu viwanja, hapana. Katika ramani ya skeli ya 1:250,000, mstari wenye unene wa nusu milimita hufunika mita 125 za ardhi, yaani zaidi ya mara mbili ya hizo mita 60 anazozilalamikia mwenzangu. Katika ramani ya uoto wa Afrika ya Frank White, iliyotolewa na UNESCO mwaka 1983 kwa skeli ya 1:5,000,000, mstari huohuo ni kilomita mbili na nusu. Tena kichanga hakigeuki mfinyanzi kwa hatua moja. Hubadilika kidogo kidogo, na ni mchoraji anayeamua kalamu ipite wapi. Mama aliyeamka akakuta alama ya X nyekundu ya kubomolewa ukutani kwake ana haki ya kuuliza kama nyumba yake imo bondeni au imo chini ya wino. Je, mtoa hoja anakubali kwamba kabla ya kugusa kiwanja chochote, mashimo ya kuchunguza udongo yachimbwe mtaa kwa mtaa, ramani ichorwe kwa skeli ya 1:2,500, na mpaka uonyeshwe kama ukanda wenye upana wake badala ya mstari?