Mrejesho: Mwenye nyumba aliyenizuilia pesa ya vigae

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni yule fundi wa vigae wa Arua, Uganda, niliyeuliza mwezi uliopita nifanyeje: mzee mwenye nyumba kanizuilia shilingi 600,000 za mwisho akisema vigae vya bafu vinabanduka, wakati yeye ndiye aliyenilazimisha nivilaze juu ya sakafu mbichi.

Nawashukuru sana. Nilimsikiliza aliyesema niache kubishana kwa simu, niende na sarafu. Nikamwomba mzee tuingie bafuni. Nikagonga kigae kimoja kimoja kwa ile sarafu naye akisikiliza: vilivyoshika vilitoa sauti nzito, vilivyo tupu chini vikalia kama debe. Tukahesabu 7, vyote karibu na mlango, pale sakafu ilipochelewa kukauka. Akanyamaza. Nafikiri ndipo alipoona kwamba kazi hii ina elimu yake.

Nikavibandua na kuvirudishia bila kudai ufundi, saruji akanunua yeye. Jioni akanitumia 400,000 kwa simu.

Zile 200,000 hazijatoka. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kama mlivyonishauri, akatusikiliza vizuri, ila sikuwa na karatasi yoyote, na mapatano ya mdomo kila mtu ana yake. Hapo nimeumia, maana vibarua wangu wawili nimewalipa kutoka mfukoni.

Kazi mpya niliyoanza Jumatatu kwa mteja mwingine nimeiandika yote kwenye daftari: bei, awamu za malipo, siku za sakafu kukauka. Mama mwenye nyumba katia sahihi bila shida. Asanteni sana.