Mrejesho: Mikumi na watoto pamoja na bibi yao

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuwaonyesha wanyama wanangu wawili na mama yangu kule Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa siku moja, na kumbukumbu zisiishie kwenye simu. Tumerudi salama, nawashukuru mno.

Aliyesema tulale Mikumi mjini tuwahi geti alfajiri, Mungu akubariki. Uwanda wa Mkata kabla jua halijawa kali ulijaa twiga, pundamilia, nyumbu, na kundi la tembo lenye mtoto anayejificha katikati ya miguu ya mama yake. Mama yangu ameipita barabara ile ya Iringa inayokatiza hifadhini miaka nenda rudi akiwa ndani ya basi, lakini hapo alinyamaza kabisa, kisha akaomba tuzime gari. Kwenye bwawa la viboko tulikaa hadi tukawaona wakipiga miayo.

Simba hatukumwona, ingawa tulizunguka hadi jioni. Mdogo alilia. Na picha za simu za wanyama wa mbali zimetoka na ukungu. Mliponiambia niazime kamera na darubini sikuwasikiliza, na nimejuta.

Kilichofaa zaidi ni daftari. Kila mtoto alichora alichokiona na kuandika saa na mahali palepale, na usiku nikarekodi sauti ya bibi yao akisimulia siku nzima. Nimeituma kwa ndugu wote.

Anayekwenda na mzee abebe mto wa kuegemea mgongo. Njia za ndani zina mashimo.