Huamini Mungu, Krismasi Unakwenda Moshi Kufanya Nini?

Mtoto wa Kibosho
Wakuu, naomba tujadili bila matusi. Nimelelewa Mkatoliki, nimepata kipaimara, nimetumikia altareni. Miaka kadhaa sasa siamini tena. Sina ugomvi na padri wala paroko, nilisoma nikafikiri, imani ikaniisha. Lakini Desemba nyumbani Moshi naenda kama Wachagga wengine, ukoo mzima unakutana. Misa ya mkesha nakaa na mama, wakisimama nasimama. Mbuzi wa ndafu, yule anayechomwa mzima, nachoma mimi.

Mwaka huu dada yangu anabatiza mtoto tarehe 26, ameniomba niwe msimamizi. Nimekataa. Pale padri atauliza kama namsadiki Mungu Baba Mwenyezi, nami nitatakiwa kujibu "nasadiki" mbele ya watu wote, na si kweli. Nyumbani wamenuna. Mjomba anasema kama kusadiki siwezi, basi hata nyama nisile. Je, asiyeamini ashiriki sikukuu za dini? Na akishiriki, aishie wapi?

Jembe la Mkono
Mjomba wako yuko sahihi. Krismasi ni kuzaliwa kwa Yesu Kristo. Ukimwondoa yeye inabaki nyama na bia. Ila tusidanganyane, nusu ya wanaopanda Moshi Desemba hata wenye rozari shingoni hawaendi kwa ajili ya Yesu. Wanakwenda kuonyeshana magari.

Mama Neema
Magari?! Jembe, mimi napanda basi na watoto watatu na mizigo, nafika Himo miguu imevimba. Nakwenda kumwona mama yangu mwenye kisukari. Kila mwaka lazima atokee mtu wa kututukana.

Shemeji wa Wachagga
Mimi Mnyakyusa, nimeoa Marangu, kwa hiyo nasema nilichokiona. Barabara ya kupandia kwa wakwe zangu ikifika tarehe 24 haipitiki. Na magari mengine ni ya kukodi, wenyewe tunajua.

Mama Neema
Wewe shemeji ulipokuja kuposa ulikuja na nini? Hukukodi?

Shemeji wa Wachagga
Nilikuja na wazee wangu na heshima zangu, dada. Tusifike huko.

Dereva Mstaafu
Ndugu zangu, foleni si kosa la Wachagga. Abiria ni wengi kuliko mabasi, ndiyo maana LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, kila mwisho wa mwaka wanatoa vibali vya muda kwa magari yasiyo ya njia hiyo. Treni ya Dar kwenda Moshi ilikufa zaidi ya miaka ishirini, ikarudi 2019.

Jembe la Mkono
Ilirudi 2020.

Dereva Mstaafu
2020 ndiyo ilifika Arusha. Moshi ilikuwa Desemba 2019, nilikuwepo stesheni watu wanapiga vigelegele.

Bi Mwanaidi wa Pangani
Naomba turudi kwa huyu kijana, naona kaachwa peke yake. Mimi Mwislamu. Jirani zangu wa kushoto ni Wakristo tangu enzi za marehemu baba. Idi napeleka sahani ya pilau kwao, Krismasi sahani inarudi na kitu ndani. Sijawahi kusali kwao nao hawajasali kwangu. Kuna masheikh wanasema hata kumwambia Mkristo heri ya sikukuu haifai, nao wana hoja zao, lakini mimi sahani ya jirani sitairudisha tupu. Kama mimi mwenye dini nyingine nakaribishwa kula, yeye mtoto wa nyumba azuiwe nyama aliyoichoma mwenyewe? Mjomba amekasirika tu.

Nyundo
Bi Mwanaidi, maneno mazuri, lakini huko upande wenu hiari hiyo haipo sana. Machi 2024 polisi Zanzibar walikamata watu kwa kula mchana wa Ramadhani. Huko asiyeamini anashiriki apende asipende.

Bi Mwanaidi wa Pangani
Mimi ni wa Pangani, mkoa wa Tanga, si Zanzibar. "Upande wenu" ndiyo upi? Na kula barabarani mbele ya watu waliofunga ni utovu wa adabu hata kama polisi wasingekuwepo. Wakristo wa hapa kwetu hawafanyi hivyo na hakuna aliyewalazimisha.

Nyundo
Adabu sawa, mahabusu hapana. Katiba yetu ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa imani, na uhuru huo unamhusu asiye nayo pia. Tangu enzi za Mwalimu tunaambiwa serikali haina dini.

Bi Mwanaidi wa Pangani
Hapo kwenye mahabusu sikubishii. Nabishia "upande wenu".

Mkamba Halisi
Salamu kutoka Machakos. Kwetu Kenya wasioamini Mungu wana chama kabisa. Kilisajiliwa 2016, viongozi wa makanisa wakapiga kelele, usajili ukasimamishwa, wakaenda mahakamani wakashinda. Sensa ya 2019 iliuliza dini na zaidi ya laki saba walisema hawana. Lakini 2021 katibu wao alijiuzulu akasema amempata Yesu! Kijana wa Kibosho, labda nawe bado uko njiani.

Mtoto wa Kibosho
Mkamba, kuna mapadri walioacha upadri pia, sijamwambia mtu kwamba hiyo inathibitisha Mungu hayupo. Usinihesabu kama mgonjwa anayesubiriwa apone.

Mkamba Halisi
Sikukuita mgonjwa. Nimekuombea tu. Hata hilo nalo kosa?

Mzee wa Hai
Niseme kama mzee. Huo ukoo kukutana na kuchinja haukuja na wamisionari. Mmisionari Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro 1848, Walutheri wa Leipzig wakafika Machame 1893. Babu zetu walikuwa wakimwita Mungu Ruwa, wakichinja, wakinywa mbege, pombe ya ndizi, wakigawana nyama kwa utaratibu wa ukoo. Kanisa lilikuta mambo hayo, mengine likayapiga marufuku, mengine likayaweka ndani ya Desemba. Kwa hiyo huyo mjomba anayesema nyama ni ya waumini, aulizwe ni waumini wa nani. Kijana anachoma mbuzi wa babu yake.

Jembe la Mkono
Mzee, kwa heshima, hapo unatupeleka kwenye matambiko. Biblia imekataza.

Mzee wa Hai
Sijataja tambiko. Nimetaja nyama na ndugu. Wewe uliyesema tunakwenda kuonyesha magari, leo umekuwa mlinzi wa ibada yetu?

Jembe la Mkono
Nilisema nusu.

Mwalimu wa Kwaya
Mnabishana juu ya mbuzi na mmeruka jambo alilouliza, ambalo ni kiapo. Mimi ni Mkatoliki, naamini kwa moyo wote, na nasema huyu kijana ameuheshimu ubatizo kuliko wasimamizi wengi ninaowaona. Kanuni ya 874 ya sheria ya Kanisa inataka msimamizi awe Mkatoliki aliyepata kipaimara na Ekaristi, anayeishi maisha ya imani. Yeye anajua haishi, akasema hapana. Sisi tunachukua msimamizi kwa sababu ana pesa ya kumnunulia mtoto zawadi, anaulizwa "unamkataa shetani?" anajibu huku anatafuta simu mfukoni. Dada yake amwombe awe mjomba mzuri, hilo halina kiapo. Msimamizi atafutwe anayesadiki.

Mama Neema
Mwalimu, nakubali ila kuna jambo hamlisemi. Sisi akina mama hatulii kwa sababu ya ndafu wala ya usimamizi. Tunalia kwa sababu ya kuzikwa. Mtu asiyehudhuria jumuiya, kile kikundi cha waumini majirani, akifa jumuiya inasema hatumjui. Nimeona mwili umekaa kihambani, kwenye shamba la ukoo, katekista anaulizia michango na mahudhurio, padri hakuja. Yule mama wa marehemu hajapona mpaka leo. Kijana, mama yako anapokuvuta mkono kwenda misa ya mkesha, labda anakununulia mazishi.

Mtoto wa Kibosho
Mama Neema, hilo limeniuma kuliko yote yaliyosemwa hapa. Mama hajawahi kuniambia hivyo, ila michango ya jumuiya anailipa kwa jina langu, najua. Sitaki anilipie. Mimi nikifa nizikwe kihambani karibu na baba, ndugu waimbe wanachotaka, wasimsumbue padri.

Nyundo
Basi andika hivyo kwenye wosia.

Mama Neema
Wosia! Wewe Nyundo una mama? Siku hiyo nani ataufungua wosia, na wanawake wameshakaa chini wanauliza padri anafika saa ngapi?

Shemeji wa Wachagga
Kwetu Rungwe hata mlevi wa kijiji anazikwa na watu.

Mama Neema
Kwetu pia anazikwa na watu, shemeji. Nazungumzia ibada.

Mwalimu wa Kwaya
Na hapo lawama ni yetu waumini. Kumnyima mtu ibada kwa sababu ya michango ni jambo tunalopaswa kulipigia kelele kwenye vikao vya parokia, si kulitumia kuwatisha vijana waje misa. Nimelisema kwenye kikao, nikaambiwa nifundishe nyimbo.

Jembe la Mkono
Michango ndiyo inajenga kanisa. Asiyetoa asitarajie.

Mama Neema
Jembe, wewe jumuiya yako ni ipi, na mara ya mwisho kuhudhuria ilikuwa lini?

Mzee wa Hai
Jibu, Jembe.

Jembe la Mkono
Mimi niko safarini kikazi, hilo ni suala jingine.

Mtoto wa Kibosho
Nimempigia dada. Msimamizi atakuwa binamu yetu wa Uru, ambaye anasali kweli. Mjomba bado hataki kuongea nami. Mbuzi nachoma, na mkesha naenda na mama. Kuhusu michango sijui nimwambie vipi aache. Mwenye uzoefu wa hilo tu ndiye anijibu, tafadhali.