Hürrem kabadilika sura msimu wa 4: nimbadilishie sauti au niache? Naombeni ushauri

Mtazamaji_Arua: Habari za jioni, wakubwa. Ninatafsiri Muhteşem Yüzyıl, tamthilia ya Kituruki ya Sultani Süleyman na mkewe Hürrem, kwa Kiswahili, sauti zote nafanya mwenyewe, kwa ajili ya kibanda kimoja cha video hapa Arua. Misimu mitatu imepita salama. Huu wa 4 Meryem Uzerli hayumo, Hürrem ni Vahide Perçin, na watu wanauliza huyu mama katoka wapi. Nimpe sauti mpya au niendelee na ile ile nyembamba? Tunaanza kuonyesha Ijumaa. Nisaidieni, silali.

Kinasa_Sauti: Ile ile, ila ishushe na uipunguze mwendo. Uzerli kazaliwa 1983, Perçin 1965, na msimu huu unakwenda hadi kifo cha Hürrem mwenyewe, 1558. Uzerli alicheza kwa mabega na kicheko; hata lafudhi yake ya kukulia Ujerumani ilimfaa mtumwa aliyeletwa kutoka ugenini. Perçin anacheza kwa kunyamaza: anainua kidevu, anangoja, ndipo anasema. Ukikijaza kimya hicho kwa maneno yako, umemmaliza. Kaa shibiri moja kutoka kwenye maikrofoni, iwe kando kidogo ya mdomo ili P na B zisipulize. Sauti ya asili ibakize kama robo, usiizime, maana muziki wake ndio unaoshikilia kile kimya. Faili zako zina dakika ngapi?

Dada_Kireka: Kila siku Hürrem, Hürrem. Ibrahim Pasha, waziri mkuu wa Süleyman, mmemsahau? Okan Yalabık alimcheza mtu anayejua kwamba mapenzi ya mfalme ni kamba shingoni, na anaendelea kutabasamu. Alipotoka yeye, kwangu tamthilia ilikwisha.

Mzee_wa_Bombo: Vijana, mnajibu lisiloulizwa na mnaruka linalotakiwa. Uganda ina sheria ya hakimiliki ya 2006. Kutafsiri kazi ya mtu kunahitaji ruhusa ya mwenyewe, na kibanda kinatoza kiingilio. Ruhusa iko wapi?

Mtazamaji_Arua: Shikamoo mzee. La ruhusa aulizwe mwenye kibanda. Kinasa, faili zilikuja na dakika 45 kila moja. Zikitoka kwangu zina 31, nyingine 28.

Kinasa_Sauti: 28? Uturuki sehemu moja huzidi saa moja na nusu. Za kuuzwa nje ndizo hukatwa ziwe kama dakika 45. Ungekuwa umekosea mwendo, yaani picha 25 kwa sekunde ukazifungua kwenye mpangilio wa 24, dakika 45 zingekaribia 47 na midomo ingeachana na sauti pole pole. Kosa hilo hurefusha, halifupishi. Dakika 14 hadi 17 zimekwenda wapi?

Mtazamaji_Arua: Nimezikata. Zile za Perçin. Si zote jamani! Akiwa kwenye umati nimemwacha. Lakini yule si Hürrem, hana moto, anatembea kama mama mkwe kaja kukagua jikoni. Nimeshamaliza sehemu 9 na mwenye kibanda kasema kazi nzuri.

Afande_wa_Rimoti: 🤣🤣 Mahidevran, mke mwenzake, kahangaika misimu mitatu asimwondoe, wewe umemwondoa kwa mkasi.

Dada_Kireka: Ngoja kwanza. Mustafa ananyongwa 1553 kwa njama za Hürrem na mkwewe Rüstem. Ukimtoa Hürrem, Süleyman anamuua mwanawe kwa ajili gani, mvua imechelewa?

Kinasa_Sauti: Zirudishe. Watu wasimjue tu kwa sura: dakika 5 za mwanzo taja jina lake mara tatu, na mwache Sümbül Ağa, yule towashi wa harem, ndiye amwite, yeye wanamjua tangu mwanzo. Kisha maneno yake mawili matatu ya kwanza yaseme kwa sauti ile ya zamani kabisa, ndipo ushuke. Sikio likishakubali, jicho hufuata.

Mzee_wa_Bombo: Mimi nasema uzi huu ni wa kutunga. Kijana kaandika watu "wanauliza" huyu mama katoka wapi, na hapo hapo kaandika kuonyesha kunaanza Ijumaa. Wamemwona wapi? Tena kamkata!

Afande_wa_Rimoti: Mzee kafunga kesi. Weka picha ya kibanda, ndugu.

Mtazamaji_Arua: Situngi. Wamemwona kwenye bango la mlangoni, ana taji, na chini nimeandika Hürrem. Mmoja kaja na kalamu akaandika "uongo". Kibanda siwezi kupiga picha, mzee mwenyewe kataja sheria.

Dada_Kireka: Bango lina Perçin na filamu haina Perçin?

Mtazamaji_Arua: Ndiyo maana nauliza. Haya, nimekubali kuzirudisha. Kinasa, vile vipande nilivyokata navipataje, ikiwa zile za dakika 45 nilizifuta kupata nafasi kwenye diski?

Kinasa_Sauti: Umefuta zote 9?

Mtazamaji_Arua: 11.