GPS ya mkononi kwa mashamba ya milimani: eTrex 22x, GPSMAP 65s au simu inatosha?

MamaIliki: Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu cha wakulima wa viungo huku Matombo, Morogoro Vijijini, kinataka kupima mashamba ya wanachama ili tujue nani ana eneo gani la pilipili manga na mdalasini. Mengi ni robo eka mpaka eka moja, yako kwenye miteremko ya Uluguru, na yamefunikwa na miti. Mmoja katushauri Garmin eTrex 22x, mwingine GPSMAP 65s, vijana wanasema simu inatosha. Tuchukue ipi?

KijanaWaKisaki: Simu inatosha dada. GPS ya simu inasoma hata bila bando, bando ni la kupakua ramani tu. Weka OsmAnd (programu ya ramani), pakua ramani ukiwa mjini, zunguka shamba. Hela inayobaki nunueni miche.

PimaArdhi: Kuhusu bando umesema kweli, ila umeruka swali la miti. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200, na kila moja inatangaza tu saa yake na mahali ilipo. Kifaa kinapima mawimbi yamechukua muda gani njiani, kinazidisha kwa kasi ya mwanga, kinapata umbali. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya kifaa ingekuwa sahihi kama zile za atomu zilizoko kule juu. Haiko hivyo, na saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umbali unakosea mita 300. Ya nne inahitajika kusahihisha saa.

Sasa ingia bondeni. Mlima umeziba nusu ya anga, majani mabichi yanafifisha mawimbi, mengine yanagonga mwamba kwanza ndipo yakufikie. Hayo yamezunguka, kwa hiyo kifaa kinadhani setilaiti iko mbali zaidi. Hapa ndipo 65s inaipita 22x: inapokea mawimbi ya masafa (frikwensi) mawili ya setilaiti, L1 na L5, na L5 inasaidia kutenga wimbi halisi na mwangwi wake. Inapunguza pia kosa linaloletwa na ionosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, ambalo kwetu karibu na ikweta ina vurugu, hasa jua likishazama. 22x inapokea L1 peke yake.

Robo eka ni kama mita 32 kwa 32. Ukizidisha mita 3 upande mmoja, eneo linapanda kwa karibu asilimia 10. Kwenye eka 5 kosa hilohilo ni asilimia 2. Kwa vishamba vyenu ningelipa ya 65s, ingawa bei inakaribia mara mbili.

MvuviPangani: Sisi baharini anga ni wazi, 22x inatufikisha kwenye miamba ya samaki bila wasiwasi, na betri mbili za AA zinakwenda kama saa 25. 65s ni 16. Ila 22x haielei! Ikidondoka ndiyo kwaheri, ifungeni kamba.

KijanaWaKisaki: Simu nazo zina L5 siku hizi.

PimaArdhi: Baadhi, tangu Xiaomi Mi 8 ya 2018. Lakini antena ya simu ni ndogo na imebanwa ndani, ya 65s imechomoza juu. Na simu ikizima saa nane mchana mlimani utaichaji wapi? Betri za AA duka la kijiji linazo.

MamaIliki: Asante kaka. Kuna jambo jingine: wazee walishapima kwa kamba, na kijana mmoja alipopitisha simu maeneo yakapungua. Wanasema GPS inawaibia ardhi.

PimaArdhi: Hawajaibiwa dada, ila wana haki ya kuuliza. Kamba inalala juu ya mteremko. GPS inahesabu eneo kama linavyoonekana kwenye ramani, yaani tambarare. Mteremko ukiwa na nyuzi 30, mita 100 za kamba zinakuwa kama 87 kwenye ramani. Kwa huko kwenu pengo hilo linaweza kuwa kubwa kuliko kosa la kifaa chochote mtakachonunua. Kubalianeni mapema kwamba mashamba yote yatahesabiwa kwa njia moja, na waonyesheni wazee kwa shamba la mmoja wao kabla ya kuanza.

Halafu msizunguke mbiombio. Simameni kwenye kila kona dakika kadhaa, mtumie ile huduma ya kupata wastani wa pointi, zote mbili zinayo. WAAS/EGNOS (huduma za setilaiti za kusahihisha GPS) zimeni: marekebisho yake ni ya Marekani Kaskazini na Ulaya, huku yanakula betri bure. Na matokeo ni ya kumbukumbu za kikundi tu. Mambo ya bikoni na hati anakuja mpima mwenye vifaa vinavyopima kwa usahihi wa sentimita.

MamaIliki: Tunachukua 65s. Kwenye mipangilio tuchague nini?

PimaArdhi: UTM (mfumo unaogawa dunia kwenye kanda na kupima kwa mita), ukanda wa 37 Kusini, na WGS 84, kipimo cha msingi cha GPS. Mkipewa ramani za zamani za serikali zilizochorwa kwa Arc 1960, kipimo cha msingi cha zamani, msizilinganishe hivihivi, pointi zitahama karibu mita 300. Matombo yote ni 37. Mkialikwa Dodoma mjini, kule ni 36.