Mjadala: Mashamba ya kale ya Engaruka yazungushiwe uzio, au wakulima waachwe walime?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Mwezi uliopita nilipita Engaruka, na tangu nirudi jambo hili halijanitoka kichwani. Nimeona nililete hapa tuparuane kidogo.

Kwa asiyepajua: ukitoka Mto wa Mbu ukashika barabara ya vumbi ya kuelekea Ngaresero, ukuta wa Bonde la Ufa unakuwa kushoto kwako muda wote. Kulia ni mbuga kavu, mbuzi na vumbi. Ukishachoka kabisa kutazama ukame, unakutana na migomba. Hapo ndipo Engaruka, wilaya ya Monduli. Mvua yake haifiki milimita 500 kwa mwaka, kwa hiyo mahindi ya kutegemea mawingu hapo ni bahati nasibu. Kinachopaweka hai ni mto mmoja unaoshuka kutoka nyanda za juu za Ngorongoro na kutokea kwenye korongo. Wakulima wanaudaka palepale unapotokeza, kwa banio, kisha mifereji inaugawa vipande vipande mpaka unaisha.

Sasa, chini ya ukuta huohuo kuna mashamba mengine, ya watu wasiokuwepo. Ni karibu hekta 2,000 za vishamba vilivyopangwa kwa mistari ya mawe, mifereji iliyokufa na marundo ya mawe waliyookota wakisafisha udongo. Juu mteremkoni kuna mabaki ya vijiji saba, nyumba zao zikiwa zimekalia ngazi zilizokingwa kwa kuta za mawe. Watu hao walikaa hapo kuanzia karne ya 15 hivi hadi ya 18. Walilima mtama, maana punje zake zilizoungua zimekutwa ardhini. Msafiri Mjerumani Gustav Fischer alipopita mwaka 1883 palikuwa tayari ni mahame.

Sasa kisa chenyewe. Nilikutana na mkokoteni wa punda umepakia mawe bapa, mengine upana wa sinia. Nikamuuliza kijana anayapeleka wapi. Msingi wa nyumba, akasema. Nikamwambia hayo mawe ni ya kale. Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua ni la kale. "Yameshachaguliwa, kaka. Nikahangaike na mengine ya nini?"

Wapo wanaosema dawa ni moja: uzio kuzunguka eneo lote, kilimo marufuku, mlinzi getini. Mimi napinga. Uzio wa hekta 2,000 nani ataulinda, na usiku? Isitoshe, ukanda wa karibu na mto unalimwa tena kwa maji yaleyale yaliyowalisha wale wa zamani. Ukimwondoa mkulima pale umeondoa kitu pekee ambacho bado kinafanya kazi. Nashauri vijiji saba vya mteremkoni vilindwe kabisa, asiguse mtu. Mashamba makavu ya pembeni, ambayo maji hayafiki hata ukiomba dua, yapimwe na kuwekewa bikoni. Yaliyo chini ya mifereji ya leo yaachwe kwa sharti moja: jembe ruksa, trekta hapana, na jiwe lisihame.

Karibuni.

Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, nakuheshimu, lakini hapo umelainika mno. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964 na haisemi jiwe lichukuliwe kwa adabu. Huyo kijana wa punda ni mmoja. Zidisha kwa kila nyumba inayojengwa pale kila mwaka, halafu utuambie baada ya miaka ishirini utawaonyesha wanao nini. "Jembe ruksa, jiwe lisihame" ni sharti la mezani. Ukifika shambani, jiwe likikwaza jembe linang'olewa, basi. Nani atahesabu?

Angalieni Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Mwaka 2004 yaliingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, na ilichukua miaka kumi ya kukarabati na kusimamia mpaka yakatolewa 2014. Hakuna aliyewaambia watu wa Kilwa wapande mihogo msikitini.

Mwalimu wa historia, Karatu

Mihogo msikitini! Hapana, mkuu wa Dodoma, mfano wako unachechemea. Kilwa ni majengo. Engaruka ni shamba. Msikiti usiposwaliwa unabaki msikiti, lakini mfereji usiopitisha maji ni mtaro tu.

Niongeze kidogo kwa wanaopenda historia, maana pale pameshasemwa mengi ya ajabu. Mwanaakiolojia Louis Leakey alipofika mwaka 1935 alidhani ameona mji wa watu 30,000 hadi 40,000. Wachimbaji waliofuata, Hamo Sassoon miaka ya 1960 na hasa John Sutton baada yake, wakaishusha hesabu hiyo hadi watu elfu chache. Wengi wakisikia hivyo wananung'unika kana kwamba tumenyang'anywa mji. Kwangu mimi hapo ndipo ukubwa ulipo: wanakijiji elfu chache, bila mfalme tunayemjua na bila chuma kingi, walijaza hekta 2,000 mawe ya mkono kwa mkono.

Na jambo la pili linaingia moja kwa moja kwenye mada. Utafiti wa karibuni zaidi, wa Daryl Stump, umeonyesha kwamba baadhi ya vishamba vile havikuwa na udongo tangu mwanzo. Walijenga kuta ndani ya njia ya maji, mafuriko yakapungua kasi, tope likatua nyuma ya ukuta, msimu baada ya msimu, mpaka shamba likazaliwa. Yaani udongo wenyewe walikuwa wanautega kama mtu anavyotega samaki. Sasa ukisema "linda mawe" tu, umelinda mtego ukasahau ulikuwa unatega nini.

Kuhusu walikuwa nani: wengine wanawataja Wasonjo, ambao bado wanaishi kwa mifereji kule kaskazini, wengine Wairaqw wa huku kwetu. Msinitafutie ugomvi, mimi mwenyewe nina upande.

Mfugaji, Engaruka Chini

Nimesoma wote. Mnabishana mawe. Sisi huku chini tunabishana maji.

Mleta mada kasema mifereji inaugawa mto "mpaka unaisha". Kaandika kama sifa. Unaishia wapi? Unaishia kabla ya ng'ombe wangu. Miezi ya kiangazi mama watoto anapanda juu na punda na madumu manne, anarudi jua linazama. Nikienda kwa wakulima wananiambia zamu ya mifugo ilikuwa juzi.

Kwa hiyo mimi uzio nauunga mkono, lakini si kwa ajili ya wazungu waje kupiga picha. Kama uzio utapunguza mashamba yanayoongezeka kila mwaka kando ya mto, leteni hata kesho. Ila mkizungushia na mbuga tunakolisha, hapo malaigwanani, viongozi wetu wa kimila wa Kimasai, watakaa kikao na mtatusikia.

Na mbona hamtaji magadi? Miaka ile mpango wa magadi wa Ziwa Natron ulipingwa kwa sababu ya flamingo, macho yakageukia bonde letu la Engaruka. NDC, Shirika la Maendeleo la Taifa, wamekuja, wamechoronga, wamesema magadi yapo tele. Kiwanda kinakunywa maji. Kabla hamjajenga uzio wa mawe ya marehemu, tuambieni kiwanda kitakunywa kutoka wapi.

Mchangiaji, Arusha

Hapo kwenye magadi uzi umeingia utamu. Niko pembeni na kahawa.

Mleta mada

Mzee wa Engaruka Chini, umenikamata. Ni kweli, nimeandika kama mtu aliyesimama kwenye migomba akatazama juu, sikugeuka nyuma. Naomba radhi.

Lakini uniruhusu nikubishie kwenye uzio. Ukifungia mashamba ya kale, wakulima hawataacha kulima. Watasogea upande usio na mawe, na huko ndiko kwenye njia ya maji yako. Shida yako iko kwenye banio na kwenye ratiba ya zamu. Hapo ndipo wafugaji wanatakiwa kuwa na kiti, siyo kuambiwa "juzi".

Tena kule juu. Mashamba ya kale hayakutegemea mto huu mmoja peke yake. Mifereji yao mingine imeanzia kwenye makorongo ambayo leo ni makavu kama mfupa, maji yanapita siku ya mvua tu. Mimi niliingia kwenye mojawapo nikakuta mfereji umetoka ubavuni, umepinda vizuri kabisa kufuata mwinuko, na mdomo wake uko juu ya mchanga mtupu. Mwalimu atanisahihisha, lakini kama vijito vile vilikauka wakati wale watu wapo, tunajua sababu mojawapo ya wao kuhama. Chanzo cha mto uliobaki kiko kwenye misitu ya nyanda za juu. Msitu ule ukiendelea kuliwa na shoka, basi uzio tutakaojenga chini utakuwa na mahame mawili ndani yake, ya wale wa kale na yetu ya leo.

Mkuu wa Dodoma, kuhusu nani atahesabu mawe: mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inawapa wanakijiji sauti juu ya ardhi yao. Weka sheria ndogo, faini ikusanywe na kijiji, sehemu ya kiingilio cha wageni ibaki kijijini. Mtu akijua jiwe linalipia dawati la mtoto wake, punda atarudi bila mzigo.

Mchangiaji, Dodoma

Au atarudi usiku. Mimi bado nipo kwenye uzio, angalau kwa vile vijiji saba, na naona hapo tumekubaliana bila kutaka. Kwa mashamba yanayomwagiliwa nipo tayari kusikiliza. Ila nataka kwanza ramani, tuone kipi kinalimwa na kipi hakilimwi. Sasa hivi kila mtu anasema "ukanda wa karibu na mto" na kila mtu ana ukanda wake.

Mwalimu wa historia, Karatu

Ramani naiunga mkono. Na wapimaji waje na wazee wa mifereji, maana wao wanajua ni mfereji upi wa leo umelala juu ya mfereji wa kale. Hilo halionekani kwa setelaiti.

Mkulima, Engaruka Juu

Nimekuta mmenijadili tangu asubuhi bila kunikaribisha. Shamba langu ni ekari moja na nusu, lina mistari mitatu ya mawe ya hao watu. Sijaing'oa kwa sababu inazuia udongo usiondoke, ndiyo kazi yake. Jirani yangu ameng'oa yake, na sasa udongo wake unakuja kwangu.

Mengine nitajibu kesho. Zamu yangu ya maji ni saa nane usiku, na nikichelewa kufungua, wa chini yangu hanisubiri.